Karatasi Niliyoibandika Ukutani

Mwezi uliopita nilikwenda Palma kwa hitima ya arobaini ya Mzee Anlaue. Nilifika asubuhi, wanaume wakiwa bado msikitini na wanawake uani wakichambua mchele, na mtu wa kwanza kuniona alikuwa Atija, binti wa marehemu, ambaye hatukuwa tumeonana tangu kabla ya vita. Tulishikana mikono, tukapeana pole za kila aina, pole ya baba, pole ya safari, pole ya miaka, kisha akanisogezea ungo nami nikakaa. Baada ya muda akachomoa simu kwenye pindo la kanga, akanipa. Alikuwa anamtafutia binti yake nafasi ya shule ya sekondari, maana siku hizi mambo hayo yanapita humo, na kioo kilikuwa cheupe chote, katikati maneno mawili ya Kireno: Acesso negado. "Nisomee kama ilivyo," akaniambia. "Usinifasirie." Hakusema kwa ukali, wala hakuacha kuchambua mchele. Kwa miaka mingi sasa nimekula kwa kazi ya kuandika upya maneno ya namna hiyo, kwa ofisi hii na ile huko Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, niyafanye yaeleweke kwa anayeyasoma. Watu wanadhani ni kazi ya kompyuta. Mimi najua ilianzia wapi, na najua kwamba mpaka leo nikiyaona maneno yale mawili huwa natazama pembeni kwanza.

Ya kwetu Mbau na ya wazazi wangu nayaacha, hayana cha kuongeza hapa. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule Mocímboa, nikaitwa Palma kufanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya soko. Ulikuwa wakati wa gesi iliyogunduliwa baharini, kila mtu akiamini kwamba kazi zinakuja, na ofisi moja, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja, ilikuwa inaandikisha vijana wa mafunzo: kuchomelea vyuma, upishi, udereva, umeme. Chumba kilikuwa na mashine tano juu ya meza ndefu, viti vya plastiki, feni iliyogeuka upande mmoja ikakwama, na dirisha la wavu lililoingiza harufu ya pweza waliokuwa wakianikwa kwa jirani. Kazi yangu ilikuwa kuwakaribisha watu, kuwafungulia ukurasa, kuwaelekeza pa kuandika jina na kuwaketisha sawasawa mashine iwapige picha ya uso, kwa kuwa bila picha iliyopigwa palepale hukuandikwa. Fundi wa mitambo, Senhor Ernesto, alikuwa anakuja kutoka Pemba mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote nilikuwa mimi peke yangu na Bi Sifa, mama mtu mzima aliyetupikia chakula cha mchana kwenye kibanda cha uani na ambaye, kwa maoni yake mwenyewe, ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi.

Ukurasa ulikuwa wa Kireno mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi, mtu akiwa katikati ya kuandika jina la babu yake, yote yalifutika yakaja yale maneno. Acesso negado. Hakukuwa na kingine, wala sababu, wala la kufanya. Watu wakaniuliza yamesema nini, kutwa nzima, mpaka koo likanikauka. Mimi mwenyewe sikujua yanatoka wapi, ila Kireno nilikijua, na nilikuwa katika umri ule ambao mtu akijua maneno anadhani amejua na jambo lenyewe. Basi siku moja nikachukua karatasi kubwa na kalamu ya wino mnene, nikaandika juu maneno ya Kireno na chini yake, kwa herufi kubwa nilizozinyoosha kwa rula, Kiswahili chake: UMEKATALIWA. Nikaibandika ukutani juu ya mashine ya kati. Nakumbuka nilivyorudi nyuma hatua mbili kuitazama. Nilijiona nimewafanyia watu wema.

Nilikuwa nalala kwa Mzee Anlaue, chumba kimoja na Atija. Mzee alikuwa fundi cherehani, mjane, mwembamba, anayeshona kanzu na kofia barazani huku akisoma kila kilichopita mbele yake kikiwa na maandishi, hata mfuko wa saruji. Atija alikuwa na miaka ishirini na mitano kasoro miezi. Chini ya kitanda chetu kulikuwa na nyaya, betri, matumbo ya redio za watu, na ndiye aliyeweka taa za jua katika nyumba zote za mtaa wetu, moja baada ya nyingine, bila mtu kumfundisha. Tulikula watatu kwenye mkeka mmoja, ugali na matapa, yaani kisamvu cha nazi, siku njema wali na samaki wa kukaanga, na mazungumzo ya mkekani yalikuwa hayohayo: mafunzo ya umeme. Yalichukua vijana wasiozidi miaka ishirini na mitano, na nafasi zikijaa basi. Mwaka ule au hakuna tena, kila mmoja wetu alilijua hilo.

Ndiyo maana posa ya Atija ilipokuja, mzee aliikataa. Nilikuwa chumbani siku ile nikipiga pasi, na ukuta wa udongo ule haukuficha kitu. Mshenga alikuja na maneno mazuri kutoka kwa watu wa Mucojo, akasikilizwa, akapewa chai na mikate ya mchele, akaondoka bila jibu kama inavyotakiwa. Baada ya wiki mzee akavaa kofia yake mpya akaenda mwenyewe kupeleka jibu. Kwetu kukataa kuna njia yake. Humkatalii mtu mlangoni, wala kwa karatasi. Unakwenda au unamtuma mtu mzima, anakaa, anakula, anatoa sababu hata kama ni ya kutunga, anaomba radhi. Na aliyekataliwa harudi. Akirudi na neno lilelile anawalazimisha wenzake wamwaibishe mara ya pili, na hakuna mtu wa heshima anayefanya hivyo. Watu wa Mucojo hawakurudi. Mzee alipotoka huko nilimsikia akimwambia bintiye, "Nimewaambia unasoma. Sasa ukasome kweli, usinifanye mwongo."

Siku ya kuandikishwa walikuja wote wawili. Mzee kavaa kanzu nyeupe, akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa nyuma ya bintiye, mikono magotini. Nilimfungulia Atija ukurasa nikaenda kumsaidia mwingine. Mtandao siku ile ulikuwa unajikokota, kila kisanduku kinachukua muda, na Atija alikuwa mtu wa kuhakikisha kila herufi. Alipofika kwenye picha, kioo kikawa cheupe. Mzee hakuniuliza. Aliinua macho ukutani, akatafuta maneno yaliyofanana na ya kwenye kioo, akashuka mstari mmoja, akasoma. Nilimwona akisoma. Akakaa kidogo, akainuka, akanyoosha kanzu yake. "Ahsanteni," akasema, kwa chumba kizima. "Tumesikia." Atija alibaki na kidole juu ya mashine, akanitazama. Ningeweza kusema hebu subirini. Ningeweza kusema sijui. Niliinamisha macho kwenye daftari langu, kwa sababu na mimi niliiamini karatasi yangu, nikaandika jina lake kwenye ukurasa wa waliokataliwa.

Nyumbani hakuna aliyelitaja. Huo ulikuwa wakati mgumu kuliko wowote wa mwaka ule, zile wiki tatu za kula kimya. Mzee alinisogezea kipande kikubwa cha samaki kama kawaida, kwani mimi ni mgeni na mgeni hana kosa. Atija alizirudisha redio za watu, zilizopona na zisizopona, akafagia chini ya kitanda. Usoni hakuonyesha kitu. Alikuwa anachoka tu, kuchoka kwa mtu ambaye hajafanya kazi, nami nililala kando yake nikimsikia anavyopumua, nikijiambia kwamba serikali ina mambo yake, ofisi ina mambo yake, mimi ni wa kufungua ukurasa tu.

Kisha akaja Senhor Ernesto. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi, anayependa matapa ya Bi Sifa kuliko kazi yake. Nilimpa daftari akiwa anakula, akaona kurasa za waliokataliwa, akakunja uso. Akauliza kwa Kireno waliokataliwa ni akina nani, maana yeye hajui mtu aliyekataliwa. Nikamwonyesha karatasi ukutani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, akanitaka nimfafanulie, nilipomfafanulia akaweka kijiko chini.

"Menina," akasema, "hapa hakuna aliyekataliwa. Ukurasa ukikaa dakika kumi bila kupeleka kitu, unajifunga. É só isso, ni hayo tu. Unafungua tena, unaanza."

"Dakika kumi? Kwa rede hii, mtandao unaojikokota hivi? Hapa kisanduku kimoja tu ni dakika tano."

"Waliotengeneza wako mbali. Kwao ni haraka."

"Sasa mbona ukurasa haukusema hivyo? Mbona umesema negado?"

Akafikiri. Nataka kuwa mwadilifu kwake, alifikiri kweli. "Hayo maneno yalikuja na programu," akasema. "Hakuna mtu aliyeyaandika."

Jibu lile limekaa nami maisha yangu yote ya kazi. Hakuna mtu aliyeyaandika. Ya Kireno, labda. Ya Kiswahili niliyaandika mimi, kwa rula. Niliibandua karatasi mbele yake, na gundi ikaondoka na rangi ya ukuta, ikabaki alama ya mraba ambayo niliitazama mpaka nilipoondoka Palma. Jioni ileile nilipeleka habari kwa niliowajua, nikawatuma wenye pikipiki kwa wa mbali, imamu akatangaza baada ya swala. Baadhi walirudi, wengi wao vijana wasiojali mambo ya heshima. Watu wazima hawakurudi, na waliotaka kurudi wazazi wao waliwakataza.

Mkekani nikasema. Nilisema yote, dakika kumi, mtandao, programu, na Mzee Anlaue akanisikiliza mpaka mwisho akitafuna polepole. "Mwanangu Zaituna," akasema, "unatuonea huruma, nashukuru. Lakini tumekataliwa mara moja, kwa maandishi, mbele ya watu. Hatwendi kukataliwa mara ya pili." Nikamwambia kwamba hakuna aliyemkataa. Akasema, "Basi nani alisema?" Nikakusanya sahani. Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimwambia Atija kwa sauti ya chini aje peke yake, nusu saa tu, picha nitaipiga mimi. Akasugua sufuria weee, mpaka nikadhani hakunisikia. "Nikienda bila yeye," akasema, "nitakuwa nimemwambia kwamba hajui kusoma. Siwezi, dada." Nilimkasirikia, nakiri. Nilimkasirikia kuliko nilivyojikasirikia mimi, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

Wakati huohuo Senhor Ernesto alikuwa ameniambia kwamba nikimwandikia maneno mengine ya Kiswahili atayapeleka Pemba, huenda wakayaweka. Nikaanza kuyaandika kwenye kibanda cha Bi Sifa, yeye akikuna nazi, mimi nimeketi juu ya gunia la mkaa. Kireno hakukijua na macho yake hayakuona herufi ndogo, basi nilimsomea. Niliandika: Muda umekwisha, ingia tena. Akauliza, "Muda wa nani umekwisha? Wa kuishi?" Niliandika: Kuna hitilafu imetokea. "Hitilafu imetokea wapi? Nimeifanya mimi?" Nikamwambia si wewe, Bi Sifa, ni mtambo. "Basi useme. Mtu akifungiwa mlango kitu cha kwanza anajiuliza amekosa nini. Mwambie hajakosa. Halafu mwambie kwa nini mlango umefungwa. Halafu mwambie apite wapi. Mshenga akija na neno moja tu akaondoka, wewe utamwelewa?" Tulifanya hivyo siku nyingi, neno kwa neno, nazi ikiisha tunahamia kwenye mchele. La kujifunga kwa ukurasa lilikuja kuwa hivi: Ukurasa umejifunga wenyewe kwa sababu umekaa muda mrefu. Hujakataliwa, wala hujakosea. Bonyeza hapa uanze tena. Senhor Ernesto aliporudi mwezi uliofuata alilalamika kwamba ni refu, haliingii kwenye kisanduku, kwa Kireno maneno mawili yanatosha. Bi Sifa akamwuliza yanamtosha nani, akamnyima matapa siku ile.

Tuliandika na mengine, ya kila jambo linaloweza kumkuta mtu pale: jina limeandikwa mara mbili, picha haionekani, umri umezidi, nafasi zimejaa. Hilo la mwisho lilinipa shida. Bi Sifa alisema kama ni kukataa kweli, liwe kukataa kweli, mtu asirudi kesho na keshokutwa akipoteza nauli na matumaini. Nikaandika: Uandikishaji wa mafunzo haya umefungwa, kwa kuwa nafasi zimejaa. Hukufanya kosa lolote. Kurudi siku nyingine hakutabadilisha jambo hili. Tunaomba radhi. Senhor Ernesto aliposomewa maana yake alisema hili ndilo zuri kuliko yote, likaondoka naye kwenda Pemba.

Bi Sifa ndiye aliyeamua twende kwa Mzee Anlaue inavyopasa. "Wewe ni mtoto wa nyumba," akaniambia, "huwezi kulala kwake ukamletea ujumbe." Alivaa kanga mpya, akabeba bakuli la matapa, tukaenda Alhamisi alasiri, mimi nikiingia katika nyumba ninayolala kama mgeni, nikabisha hodi. Mzee alielewa. Aliacha cherehani, akatandika mkeka wa wageni, Atija akaleta chai akarudi nyuma ya pazia. Tulikula kwanza. Kisha Bi Sifa akafuta mdomo.

"Nimetumwa, mzee."

"Karibu. Na nani?"

"Na huyu," akasema, akinigusa bega. "Karatasi uliyoisoma hakuiandika mkubwa yeyote. Aliiandika huyu. Hakujua anachokiandika. Amekuja kuomba radhi."

Mzee akanigeukia. Nilisema kwamba ni kweli, mwandiko ni wangu, kwamba hakuna mtu aliyemkataa Atija popote, si Palma wala Pemba, ila mimi, na mimi sina mamlaka ya kumkataa mtu. Niliyasema nikitazama mkeka. Akanywa chai funda mbili. "Mwandiko mzuri," akasema mwisho. "Nilidhani ni wa mtu mkubwa." Akamalizia chai yake. "Basi. Kesho Ijumaa, keshokutwa nina kanzu za harusi. Jumatatu tutakuja." Nilitamani kumwambia twende sasa hivi. Lakini nilikuwa nimeshapewa zaidi ya nilichostahili, na mtu hamharakishi mzee aliyesamehe muda huohuo. Usiku ule Atija alirudisha nyaya chini ya kitanda.

Jumatatu walikuja, kanzu ileile nyeupe. Nilikuwa nimefungua chumba mapema nikafuta mashine ya kati vumbi. Ukutani palikuwa na ule mraba mtupu. Atija akakaa, mzee nyuma yake, nikaufungua ukurasa. Ulifunguka haraka siku hiyo, na ulifunguka kwa Kiswahili. Nilifurahi nusu ya sekunde, nakumbuka furaha hiyo, maneno yangu kwenye kioo, Pemba wameyaweka. Kisha nikaona ni yapi.

Mzee Anlaue aliinama mbele akayasoma kwa sauti, taratibu, kama alivyosoma kila kitu. Uandikishaji wa mafunzo haya umefungwa, kwa kuwa nafasi zimejaa. Hukufanya kosa lolote. Kurudi siku nyingine hakutabadilisha jambo hili. Tunaomba radhi. Alipomaliza akakaa wima. Bi Sifa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nafasi zilikuwa zimejaa Jumamosi mchana, nilikuja kujua baadaye, wakati yeye akishona kanzu za harusi na mimi nikifua nguo.

"Hii nimeielewa," akasema mzee. Akainuka, akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo. Hakukuwa na hasira sautini. Aliniambia mimi, kwa upole wa kweli, "Hii umeiandika vizuri, mwanangu."

Niliondoka Palma mwaka ulipoisha. Sifa ya yale maneno ilinifikisha Pemba, kazi ikazaa kazi, na kila niliposifiwa niliisikia sauti ya mzee. Vita ilikuja, watu wakatawanyika, Bi Sifa akafia ukimbizini, chumba kile kikaungua. Atija aliolewa, akaachika, akakimbia, akarudi, akaanza tena kuweka taa za jua, bila cheti. Nimewafundisha vijana wengi kwamba ujumbe unaomzuia mtu useme kwa nini, useme si kosa lake, useme apite wapi. Wanaandika kwenye madaftari yao. Sijawahi kuwaambia la nne, kwamba unaweza kuyasema yote hayo vizuri kabisa, na mtu akabaki palepale nje. Nimechoka kulijua peke yangu.

Basi uani pale, kwenye hitima, nikamsomea Atija kama ilivyo. "Acesso negado. Hakuna kingine."

"Hakuna sababu?"

"Hakuna."

"Hakuna pa kupita?"

"Hakuna, dada. Sijui ni nini. Inaweza kuwa lolote." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu kwamba sijui, kuhusu maneno yale mawili. Nikamwuliza, nikiwa nimeshika simu bado, kama ananilaumu. Akapepeta ungo mara mbili, akapuliza makapi.

"Nilikulaumu," akasema. "Sana. Kisha nikachoka." Akachukua simu, akaiweka juu ya mkeka baina yetu, kioo juu. "Tusubiri. Nusu saa, halafu naanza tena." Tukachambua mchele. Msikitini walikuwa wamefika kwenye dua, tukaitikia amina na wenzetu. Muda ulipopita akaifuta simu kwa pindo la kanga, akaandika jina la binti yake tangu mwanzo, herufi kwa herufi, na kioo kikawa cheupe. Akakitazama.

"Baba angekuwa ameshavaa kofia aondoke," akasema, akairudisha simu mkekani palepale, kioo juu, akavuta ungo mwingine.